Soksi Nyekundu ya Bawa la Kushoto

Nyumbani,
Meza ya jikoni, upande wa dirishani,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, tena umekaa vizuri, na goti lako halikusumbui. Katika barua yako ya mwisho kwa Mama ulisema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye uboho, na kwamba goti la kulia linaijua mvua kabla wingu halijakusanyika. Je, limetulia? Na yule bibi unayemhudumia, anayekuita kila asubuhi kwa jina la binti yake, bado anakuita hivyo? Mama aliposoma pale alisema, "Wifi yangu ana moyo. Mimi ningeshamsahihisha."

Sisi huku tu wazima. Mama ana mafua madogo ambayo anayakana huku anapiga chafya. Mdogo wangu, uliyemwacha anatambaa, sasa yuko darasa la pili, na mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzima. Mimi bado ni Kobe wako. Wewe ndiye uliyenipa jina hilo siku ile nilipojificha chini ya meza mpaka wageni wakaondoka, na nasikitika kukuarifu kwamba bado linanifaa. Darasani nikiulizwa swali najibu kwa sauti ambayo hata mimi siisikii vizuri.

Ningeweza kukupigia simu. Mama alinipa simu yake mkononi na kutoka nje ili nisione haya. Lakini najijua. Ningesema "hatujambo" mara tatu, ningeuliza hali ya hewa ya huko, halafu ningekata. Tena simu humtaka mtu ajibu papo hapo, na jambo ninalotaka kukuuliza mwishoni mwa barua hii halifai kujibiwa hivyo. Kwa hiyo nimechukua karatasi.

Ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani, maana ukinyimwa hizo utadhani umeandikiwa na mwalimu mkuu.

Baba anaendelea kutengeneza pampu za maji na jenereta katika karakana ya nyuma ya soko. Wateja wanampenda kwa sababu hana maneno mengi, na pampu ikitoka mikononi mwake hairudi. Hajakanyaga uwanja wa ndege, alikokuwa fundi wa ndege, tangu mwaka ule. Lori likipita kwa kishindo hainui kichwa, lakini ndege ndogo ikipita angani, hata ikiwa mbali kama nzi, anaweka spana chini na kusubiri. Mlio ukishapotea kabisa ndipo anaokota spana.

Mimi nimemaliza gari langu la mikate! Nilikuahidi siku nyingi kwamba nitakueleza. Ni mfano wa lile gari linaloleta mikate dukani kwetu, na ni kubwa kiasi kwamba Redio akiwa mdogo angeweza kulala ndani yake. Milango inafunguka, usukani unageuza magurudumu ya mbele, na nyuma kuna rafu za plaiwudi zenye trei. Kazi kubwa ilikuwa rangi. Baba alinifundisha kwamba rangi iwe nyembamba na subira iwe nene: unapuliza ukungu tu wa rangi, unaacha ikauke, unapitisha msasa laini wenye maji, unapuliza tena, mpaka ukiinama uone meno yako mlangoni. Dereva wa gari lenyewe alikuja kulitazama. Alichuchumaa, akalizunguka, akashika kiuno.

"Sasa wewe binti," akasema, "hata ule mbonyeo wa mlango wa nyuma umeuweka?"

Nikamwambia ndiyo, nilipima kwa rula.

"Utanifukuzisha kazi! Bosi wangu hajauona bado!"

Redio alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka.

Habari ya ndege ndiyo ndefu, Shangazi, nami nimekuwa nikiizungukia tangu mstari wa kwanza. Kama utataka kunywa maji kwanza, kunywa.

Ulipokuwa hapa, Baba alikuwa akitengeneza ndege za mfano za kila aina, kwa kujifurahisha tu, jioni akitoka uwanjani. Nakumbuka zilikuwa zinajaa kwenye rafu, na wewe ulikuwa unazipangusa vumbi kwa manyoya ya kuku na kumuuliza abiria wanapandia wapi. Tangu siku ile ambayo mume wako, ambaye sisi sote tulimwita Kapteni, aliruka asubuhi na ndege ndogo nyeupe na hakurudi, Baba ametengeneza ndege moja tu. Ile ile. Anaimaliza, anaivunja, anaanza upya, na kila mara inakuwa kubwa kuliko iliyotangulia.

Ya kwanza ilikaa juu ya kabati. Ya pili ilining'inia darini. Ya tatu alipoivunja, mbao zake zilirundikwa jikoni, na Mama akapikia chai. Akatukaribisha mezani akisema, "Karibuni, leo tunakunywa bawa la kushoto." Alitaka tucheke. Baba alishika kikombe chake kwa mikono miwili na hakukiinua. Mpaka leo Mama hajautania tena moto ule.

Hii ya sasa ni robo kamili ya ndege yenyewe. Ameijengea katika chumba cha uani, kile ulichokuwa unaanikia nguo wakati wa mvua. Mabawa yanatoka ukuta hadi ukuta. Ameiinua juu ya miguu ya mbao ili bawa limfike begani, kama lilivyokuwa likimfika kule uwanjani, kwa hiyo ukitaka kuvuka chumba unainama chini ya tumbo lake kama unapita chini ya ng'ombe. Mbavu za mabawa ni mbao nyepesi alizochonga moja moja, na juu yake kuna kitambaa kilichovutwa mpaka ukikigonga kwa ukucha kinalia kama ngoma ndogo. Fundi samani wa jirani, anayetupa mabaki ya mbao, alikuja akatazama ndege, akatazama mlango, akatazama ndege tena.

"Ndugu yangu," akamwambia Baba, "hii utaitoaje humu?"

Baba akajibu, "Haitoki."

Mama ameipa jina Mke Mwenza. Chakula kikiiva anatuma mtu uani: "Mwambieni mume wangu, mwenzangu akimruhusu, aje ale." Wakati mwingine anapita mlangoni na kuiuliza ndege, "Dada, umelala salama?" Ni utani, lakini nimeona kwamba haingii ndani. Anaishia kizingitini.

Nilimuuliza Baba kwa nini lazima iwe kubwa hivi. Alikuwa anapaka puti kwenye mkia, na nilidhani hatajibu. Akasema, "Ndogo unaishika mkononi. Mimi nataka ya kuizunguka."

Sikuelewa siku hiyo. Nilielewa baadaye, kwa kumtazama. Wewe uliishi na rubani, kwa hiyo unajua kwamba kabla ndege haijaruka, fundi huizunguka yote na kuigusa: mlango, mkia, bawa la kulia, pua, na mwisho bawa la kushoto. Kila alasiri akirudi kutoka kazini, Baba hunawa mikono, huingia chumbani, hufumba macho, na kuizunguka ndege hii kwa mpangilio ule ule. Anaacha mkono utangulie. Na anapozunguka anapiga mluzi chini chini. Nadhani hajui kwamba anapiga. Ni ule mluzi wa Kapteni, Shangazi, ule aliokuwa akija nao kutoka barabarani, ambao wewe ulikuwa ukiusikia na kusema, "Wekeni sahani nyingine." Redio hakuwahi kumjua Kapteni, lakini sasa na yeye anaupiga akioga. Mara ya kwanza Mama kuusikia ukitoka bafuni aliangusha bakuli.

Kila alasiri mkono wa Baba unafika bawa la kushoto na kusimama. Unabaki hewani chini ya bawa, kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alikuja kuomba nini. Kisha Baba anafumbua macho, anatoka nje, na kunawa mikono tena.

Mwezi uliopita aliniomba nimsaidie rangi. Nilifurahi sana, nisikufiche. Tulipuliza nyeupe tabaka baada ya tabaka, madirisha yote wazi, vitambaa puani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alinieleza mambo bila kuulizwa. Kisha akanipa brashi nyembamba ya mistari, akaniambia nichore herufi za usajili ubavuni, kwa kuwa mkono wangu hautikisiki. Zile tatu zilizopita hazikuwa na herufi. Nilichora zile zile, nyeusi, zenye kivuli cha kijivu. Nilipobandua karatasi ya gundi nikarudi nyuma kutazama, nilihisi kama chumba kimejaa ghafla. Mpaka hapo ilikuwa ndege tu. Baada ya herufi ilikuwa ndiyo yenyewe. Tangu siku hiyo Mama hajaiita tena Mke Mwenza, na mimi chumba kile sikipi mgongo nikiwa natoka.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kama ni kosa. Katika maktaba ya shule kuna kitabu cha zamani cha wanafunzi wa urubani, ambacho hakuna mtu mwingine anayekiazima. Nilisoma humo kwamba chini ya bawa la kushoto hutokeza kijibomba chembamba kama kidole. Kijibomba hicho hupokea upepo, na upepo ule ndio unaosogeza mshale wa kasi mbele ya rubani. Ndege ikiwa imeegeshwa, kijibomba huvalishwa kifuniko cha kitambaa chekundu chenye utepe mrefu, ili wadudu wasiingie. Lazima kitolewe kabla ya kuruka. Kikisahaulika, mshale unadanganya, na rubani aliye ndani ya ukungu hajui tena kama anakwenda mbio au polepole. Nilimkumbuka Baba zamani akiviita vifuniko hivyo "soksi".

Ndege yetu ilikuwa na kila kitu: mikanda ya viti iliyotengenezwa kwa kamba za saa, taa, hata kijibomba chenyewe cha shaba. Soksi haikuwa nayo. Nikadhani Baba amesahau. Nikakata kipande cha tai yangu nyekundu ya zamani ya shule, nikashona soksi ndogo isiyozidi pingili ya kidole, nikaitia utepe, na Jumamosi ya tarehe 1, kabla hajarudi, nikaivalisha ndege. Nilitaka iwe zawadi.

Baba akarudi. Akanawa mikono, akafumba macho, akaanza kuzunguka. Mimi nilijibanza ukutani karibu na bawa la kushoto ili nione uso wake akiigundua. Mlango, mkia, bawa la kulia, pua. Mluzi ulikuwepo. Mkono ukaja chini ya bawa la kushoto, ukasimama pale pale unaposimama siku zote, kisha vidole vikagusa kitambaa.

Mluzi ukakatika.

Hakufumbua macho. Vidole viliishika soksi, vikaivuta, na ikatoka. Halafu, Shangazi, mkono ule ukageuka upande wangu. Haukurudi kwake, wala haukwenda mfukoni kwake. Ulinyooka pembeni, mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima, kiganja juu na soksi ndani yake, ukasubiri. Na Baba, macho yamefumbwa, akatabasamu. Miaka yote hii sijaliona tabasamu lile.

"Haya shika, shemeji," akasema, "na hiyo miguu yako."

Niliichukua.

Alipohisi kiganja kitupu, akafumbua macho. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye nisiyepaswa kuwepo.

"Nani kachukua?"

"Mimi, Baba."

"Hapana," akasema. "Siku ile. Siku ile nani alichukua?"

Akakaa sakafuni, chini ya bawa, na akanieleza mambo ambayo hajawahi kumwambia hata Mama. Mama alikuwa kizingitini na kijiko mkononi, akasikia yote. Nakuandikia kama alivyosema, bila kuongeza.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi, na zilisimama ndege mbili nyeupe zinazofanana, ya Kapteni na ya rubani mwingine. Baba alizizunguka zote mbili. Sheria ya pale ilikuwa kwamba soksi ikitolewa inatundikwa kwenye msumari wa mlangoni. Jioni, habari zilipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwenye ule msumari. Palikuwa na soksi moja badala ya mbili. Wachunguzi walisema ni ukungu wa milimani, wakamaliza kazi yao, na hakuna aliyemnyooshea kidole. Lakini yeye aliuona msumari. Anakumbuka kitambaa chekundu mkononi mwake asubuhi ile; hakumbuki alikitoa katika ndege ipi. Ametoa soksi maelfu ya mara, na zote zimekuwa soksi moja kichwani mwake. Kwa hiyo amekuwa akiijenga ndege ile na kuizunguka, akingoja mkono umwambie kile ambacho kichwa hakijui. Kwa makusudi, hakuiweka soksi. Alisema, "Niliogopa kuiweka, nikaogopa kutoiweka."

Ndipo akakumbuka utani. Siku za baridi, Kapteni alikuwa akimtania: "Shemeji, lete soksi yangu, miguu inaganda." Akaipokea mkononi na kuisokomeza kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, na jioni akairudisha akicheka. Hayakuwa mazoea, ni mzaha wa siku moja moja, na hofu ilipoingia iliufuta kabisa. Baba hakuwa amefikiria jambo hilo tangu msiba mpaka kiganja chake kilipolikumbuka chenyewe.

Nikamwambia, basi Baba, aliichukua. Akatikisa kichwa. "Alinichukulia siku kadhaa. Mkono haujui tarehe."

Mama ndiye aliyesema lililofuata, akiwa bado pale kizingitini. Alisema, "Koti analo wifi."

Unajua anachosema. Asubuhi ile ulimfuata Kapteni uwanjani kumpelekea chupa ya chai aliyoisahau. Baba aliwaona akiwa chini ya ndege. Kapteni alimaliza kuizunguka pamoja naye, akaja kwenye uzio, akavua koti, akakupa juu ya uzio na kusema, "Nishonee kifungo." Akapanda na shati tu, kwa sababu ndani ya ndege kuna joto. Wewe ulienda zako na koti mkononi. Na Mama anasema ulilifunga kwenye mfuko wa nailoni usiku ule ule, ukaondoka nalo, na liko chini ya sanduku lako mpaka leo. Hujalifungua, kwa sababu harufu yake bado imo na unaogopa itatoka.

Shangazi, naomba utie mkono katika mfuko wa ndani wa koti lile.

Najua ninachokuomba. Nimefuta sentensi hiyo na kuiandika tena. Kama umeiacha harufu ile salama miaka sita, mimi ni nani hata nikuambie ufungue? Nilitafuta njia nyingine kwa siku kadhaa. Nilifikiri hata kushona soksi kubwa, niipake mafuta ya mashine, nimwambie Baba umeituma. Nilikwisha kukata kitambaa. Lakini soksi zile alizishona Baba mwenyewe kwa sindano ya magunia, na mshono wake naujua na siwezi kuuiga. Angeugeuza upande wa ndani mara moja na kujua. Na hata kama asingejua, mimi ningejua, na tungekuwa wawili tunaozunguka.

Nilimwambia Baba kwamba nataka kukuandikia. Hakusema andika, hakusema usiandike. Alikwenda dukani akarudi na bahasha. Kisha akasema maneno mawili nikufikishie. La kwanza, usilifungue ukiwa peke yako; mwite hata jirani akae tu. La pili, kama mfuko ni mtupu, tuandikie kwamba ni mtupu. Usimhurumie. "Mwambie," alisema, "mimi sitafuti kusamehewa kwa kubahatisha. Nataka kujua mkono wangu ulifanya nini." Na akaongeza kwamba kama ni mtupu, atakuja yeye mwenyewe huko kwa njia yoyote, asimame mbele yako. Hiyo sehemu aliisema kwa sauti ndogo kuliko yangu.

Mimi sijui soksi imo au haimo. Usiku naota niko ndani ya mfuko, gizani, napapasa. Ila tangu Jumamosi Baba hajafumba macho. Anaingia, anakaa kwenye kigoda karibu na pua ya ndege, anaitazama nayo inamtazama. Mluzi umekoma. Redio ndiye pekee anayeupiga, na hatumkatazi.

Fundi samani anakusalimu, na anasema kiti chako cha kamba bado anakitunza, hajamkalisha mtu. Dereva wa mikate hakujui lakini aliposikia naandika barua ya mbali alisema niweke salamu zake pia, na kwamba nisitaje mbonyeo. Redio anakusalimu kwa kelele. Mama anasema wifi yake asisahau kuvaa sweta ndani ya sweta. Baba amesimama hapa nyuma yangu kwa muda sasa. Hajasema nikuandikie salamu, lakini hajaondoka, na kwa Baba hiyo ni salamu.

Utaona katika bahasha kuna kitu chekundu kidogo. Ni ile soksi ya tai. Nimekutumia ili mkono wako ujue unatafuta nini. Ile yenyewe ni kubwa zaidi, inajaa kiganja, na utepe wake ni mrefu, lakini umbo ni hilo hilo. Siku ile baada ya yote niliirudisha kwenye kijibomba, kwa kuwa sikujua pa kuiweka. Leo asubuhi niliitoa. Kwanza nilimwita Baba, na Mama, na Redio. Mama aliingia ndani, Shangazi, akavuka kizingiti, akainama chini ya mkia na kuja kusimama karibu nasi. Nikasema, "Tazameni, naitoa." Nikaivuta. Baba aliutazama mkono wangu mpaka mwisho. Redio akapiga kelele, "Nimeona!" na nadhani mtaa mzima ulisikia.

Mungu akulinde wewe na nyumba uliyomo, akupe usingizi, na aushike mkono wako wakati utakapouingiza mfukoni.

Wako akupendaye daima,
binti wa kaka yako,
Kobe.